Kumjibu Mtu kwa Kinywa Chake

Ticha Mulenga tulimzika mchana, na jioni yake, chini ya turubai lililofungwa kati ya nyumba yake na ukuta wa jirani, wanafunzi wake wa zamani wakaanza kusimama mmoja mmoja kumsifu kwa Kiingereza. Ndicho alichowafundisha, kwa hiyo waliona ni heshima. Mimi nilikuwa nimefika Kolwezi asubuhi kutoka Lubumbashi, vumbi la barabara bado likiwa masikioni, nikakaa nyuma karibu na masufuria ya chai. Wa kwanza kusimama alikuwa mtu aliyekaa miaka mingi Johannesburg. Wa pili anafanya kazi na Wachina huko Fungurume. Wa tatu aliolewa Dar es Salaam. Nililifuatilia neno moja tu, work, yaani kazi, kwa sababu lilirudi katika kila hotuba: Ticha alipenda kazi, Ticha alifanya kazi, kazi ya Ticha haitakufa. Kila mmoja alilitamka kwa namna yake, na hakuna hata mmoja aliyelitamka kama marehemu. Mama mmoja mbele yangu akamwinamia mwenzake. "Banasema Kiingereza moja ao tatu?" Mwenzake akamjibu, "Weye kunywa chai yako. Mufu anasikia yote."

Lilikuwa swali zuri, na mimi nilikuwa nimelibeba mwaka mzima zamani, mwaka nilioishi Kolwezi. Nilikuwa nimetoka tu chuo kikuu, idara ya Kiingereza, nimepata saa chache za kufundisha katika shule moja ya sekondari, na nimepanga chumba kwa Mama Zaina, nyuma ya mgahawa wake uliotazamana na maegesho ya malori. Hapo ndipo magari ya kubeba shaba na kobalti yalipongoja zamu ya kuingia kupakia. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, dirisha lisilofunguka, na ukuta wa mbao na bati uliokitenganisha na madereva waliokuwa wakila. Juu ya meza nilibandika chati ya sauti za Kiingereza niliyotoka nayo chuoni, yenye herufi zilizopinduliwa vichwa chini. Kwenye chati ile neno la kazi lilikuwa na sauti moja ndefu, ya midomo nusu wazi, isiyopatikana katika lugha yoyote ninayoijua ya nchi yetu. Upande wa pili wa ukuta Mzambia alisema weki. Mtanzania alisema waki. Wenzangu wa chuo, waliolelewa na Kifaransa, waliikwaruza katikati kwa koo kana kwamba wamekabwa na mwiba wa samaki. Mwaka mzima sikumsikia mtu hata mmoja aliyelitamka kama chati. Nikaanza kujiuliza chati hiyo ilichorwa kutoka kwenye kinywa cha nani. Mhadhiri wetu hakuwahi kufika Uingereza. Alijifunza kwa kanda za kusikiliza, na aliyemfundisha naye alijifunza kwa kanda. Nilikuwa katika umri wa kutoamini kitu mpaka nikione, na mtu huyo wa chati sikuwa nimemwona.

Mama Zaina niliweza kumwona, kwa tundu la msumari ukutani. Familia yake ilitoka Kasongo, watu wa msikitini na wa usafirishaji. Shemeji yake mkubwa alikuwa na malori mawili, na Zaina, bintiye wa kwanza, alikuwa ameolewa Fungurume. Nyumbani alibaki na Faida, wa mwisho. Mgahawa ulikuwa na meza ndefu, mabenchi, na mambabula matatu, majiko ya makaa, nje mlangoni: moja la bukari, yaani ugali, moja la sombe ya majani ya muhogo na samaki, moja la wali aliouagiza Kasongo kwa sababu alisema wali wa mahali pengine ni mchanga. Nilichokiona kwa tundu hilo ni kwamba Mama Zaina hakuwa na sauti moja. Akiingia Bakari, dereva wa Tunduma, na shikamoo yake, yeye alijibu, "Marahaba baba, karibu ukae, wali upo," laini kama mtu wa pwani ambayo hakuwahi kuiona. Wachimbaji wakija na magunia mabegani, wakiuliza, "Mama, bukari iko?" yeye alisema, "Iko, batoto, ikaleni, kunawa mikono kwanza, mko bichafu sawa nguruwe." Chanda, Mzambia mnene mwenye kucheka, alipokewa kwa mwapoleni ya Kibemba na kwa maneno ya Kiingereza yaliyopanda mwishoni kama ya Chanda mwenyewe. Mluba alisalimiwa kwa moyo, ndiyo salamu ya kwao. Si kwamba alizijua lugha hizo. Kila moja aliijua kiasi cha sahani moja.

Siku moja nikamuuliza, maana sikuweza kukaa bila kuuliza. "Mama, juu ya nini unabadilisha sauti?"

"Mutu anakuja na njaa, ametoka mbali. Unangoja tena ulimi yake ikufuate? Weye unamwendea. Unamujibu na kinywa yake."

"Na sauti yako ya kweli ni gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ngozi yake ya kweli ni ipi. "Hii unasikia, mutoto. Uko na njaa?"

Alasiri, meza zikishafutwa, mgahawa uligeuka darasa la Ticha Mulenga. Alikuwa Mkongomani aliyekulia Kitwe, ng'ambo ya mpaka, akarudi mtu mzima na suti ya kahawia na Kiingereza cha huko. Alifundisha kwa kuimbisha. Vijana wa malori, wachuuzi, mafundi wa matairi, wote walipaza pamoja kwamba wanakwenda weki, na mabati yakatetemeka. Mimi niliingia na kikombe changu nikakaa nyuma, na siku ya pili tu nikashindwa kuvumilia. "Ticha, ile sauti haiko mu kamusi." Hakukasirika. Aliwageukia wanafunzi. "Bwana huyu anasema kamusi. Mi nauliza: kamusi inakulaka bukari wapi? Mulishaona kamusi inakuja hapa kuomba kupakia shaba?" Wakacheka mpaka Mama Zaina akachungulia. Kuanzia hapo nikaitwa Bwana Kamusi, hata na watu waliouza nyanya. Lakini nilimuuliza jambo ambalo halikuwachekesha: kama Kitwe ndiyo kipimo, je, dereva wa Tunduma amekosa? Ticha alivuta koti lake. "Hajakosa. Amepotea tu njia, lakini atafika." Niliona kwamba naye alikuwa na chati yake, ila ya kwake haikuandikwa.

Faida alikuwa mwanafunzi wake bora. Alikuwa amemaliza mtihani wa serikali, na tangu hapo asubuhi zake zote ziliishia penye mbabula la wali. Baba yake mkubwa, yule mwenye malori, alikuwa ameshasema: kiangazi kikiisha, Faida arudi Kasongo kukaa na bibi ambaye macho yalikuwa yanafifia, kwani hapa hana kazi inayomfunga. Hakukuwa na ukatili katika neno hilo. Katika familia ile mtu asiye na kazi alipewa kazi. "Bibi namupenda," Faida aliniambia akipepea makaa. "Lakini naijua ile nyumba. Ukiingia kule kumushika mutu mukono, unatoka siku ya kukuzika weye mwenyewe." Kisha habari ikaja kupitia madereva. Kampuni ya maegesho ilikuwa inatafuta sauti ya redio, mtu wa kuita malori kwa zamu kwenda kupakia, na kwa mara ya kwanza ingejaribu mtu wa mji badala ya kumleta kutoka nje. Masharti yalikuwa kuelewa redio na kusema Kiingereza tu, maana madereva walitoka nchi nyingi na lori moja likirudi nyuma mahali pasipo pake linaweza kumsaga mtu. Nilikumbusha kwamba Faida na Bakari wote wawili ni watu wa Kiswahili, na redioni watalazimika kuongea Kiingereza kama wageni. "Ni sheria, Bwana Kamusi," Faida alisema. "Usinianzishie." Baba mkubwa akakubali kungoja. Akipata, abaki. Akikosa, basi lori la kwanza la familia linaloelekea kaskazini litamchukua.

Mwenye kuamua alikuwa mkuu wa maegesho, mzungu wa Afrika Kusini, mrefu, mwenye shingo nyekundu, ambaye mji mzima ulimwita Tata Yis, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyosema ndiyo. Akisema car park, maegesho ya magari, vokali zake zote ziliingia chini ya ulimi zikatoka mviringo, kopok, na watoto wa barabarani walimwigiza lori lake dogo likishapita. Alikuwa na namna yake ya kupima watu. Hakuwauliza maswali ofisini. Alimfungia mtu katika kontena lenye redio, akampa mpangilio wa malori ya asubuhi hiyo, kisha akapanda gari lake na kuzunguka uwanjani akisikiliza, na malori yalikuwa ya kweli, na madereva wa kweli. Kila dereva hupewa redio ya mkono akifika getini na huja nayo mezani, asije akapitwa na zamu. Ndiyo maana siku ya Faida sisi sote tulisikia. Redio ya Bakari ilisimamishwa katikati ya meza, ikiegemea bakuli la pilipili. Ticha Mulenga alivaa suti. Mama Zaina aliacha wali uungue, jambo ambalo sikuliona tena.

Alianza vizuri. Aliita lori la Chanda kwenda sehemu ya tatu ya kupakia, na Chanda, ambaye alikuwa ameshaingia uwanjani, akajibu kwa kirefu kama kawaida yake, na Faida akamrudishia kwa Kiingereza kile kile cha Kitwe, kinachopanda mwishoni. Ticha alifumba macho. "Sikia mutoto yangu." Kisha ikaja zamu ya Bakari, aliyekuwa amekimbilia lori lake na redio ya rafiki, yake akituachia mezani. Aliuliza kama asubiri pale pale, na Faida akamwambia asubiri, na neno lilitoka wazi, silabi kwa silabi, kila konsonanti na irabu yake, kama mtu wa Tunduma. Ticha akafumbua macho. Akaja dereva wa Zimbabwe, taratibu, akajibiwa taratibu. Mezani watu walikuwa wanacheka kwa furaha na kupigana mabega. "Huyu ni Mama Zaina mutupu!" mmoja alisema. Mama Zaina mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameshika kitambaa mdomoni, akitikisa kichwa kwa kila jibu, na niliona alichokuwa anakiona: bintiye anawapokea watu vizuri. Kisha ikaingia sauti ya Tata Yis kutoka kwenye gari lake, ikiuliza kama njia ya kutokea maegeshoni iko wazi. Na Faida, bila kusita, kwa adabu kamili, akamwambia yis, kopok iko wazi.

Mezani mtu mmoja alipasuka kicheko, akajizuia. Nilimtazama Ticha Mulenga. Alikuwa ameinamisha kichwa. Sauti ya mzungu ikarudi, chini, polepole, na kila mtu mwenye redio katika uwanja ule alisikia anachouliza: "Unanicheka?"

Faida alirudi kwa miguu, akiwa amekumbatia mkoba wake. Alikaa kwenye benchi la wateja, si penye mbabula. Alieleza bila kulia. Tata Yis alikuja hadi kontenani akamsimamia mlangoni, akamwambia amemsikia akiwa watu wanne katika asubuhi moja, naye hawezi kuajiri watu wanne. Alimuuliza ni yupi kati yao ni yeye. Mzungu akaegemea mlango, kisha, labda kwa sababu malori yote yalikuwa yamefika yalikotakiwa kufika, akasema arudi kesho asubuhi na sauti moja. Yoyote, hakujali, ila moja, na isiwe ya kwake yeye.

"Nimupelekee wali," Mama Zaina akasema. "Nimuombe samahani. Lakini samahani ya nini? Mulenga, nielezee. Mutu anajibiwa na kinywa yake, anachukia?"

Ticha alikuwa amekalia ukingo wa meza, jambo alilowakataza wanafunzi. "Mama, mi nilikuwa mutoto kule kwa migodi. Niliona bazungu ya kutoka Uingereza banacheka bazungu ya kusini. Mu baa, mbele ya bibi zao. Bananyoosha midomo, yis, yis, sawa batoto. Bale ba kusini banakunywa, banatazama chini. Ile mutu hakusikia Faida. Alisikia bale."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mzungu anaweza kucheka Kiingereza cha mzungu. Katika chati yangu hapakuwa na nafasi ya jambo hilo. Chati ilichukulia kwamba kule juu wote wamekubaliana. Nilitaka kuuliza mengi, nani alianza, nani alimpa nani ruhusa, lakini Mama Zaina aliweka mbele yetu sahani za wali wenye harufu ya moshi, na mazungumzo yakawa ya kesho. Ticha alisema hakuna cha kujadili, achukue ya Kitwe, ndiyo aliyofundishwa. Mimi nilisema kwamba kama sauti yoyote inakubaliwa, basi kuchagua hakuna maana, na kama kuna maana, mzungu angesema ni ipi iliyo bora. "Bwana Kamusi," Faida alisema, "mi nataka kazi." Akajaribu. Aligeukia ukuta, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. "Haiwezekani," akasema. "Kama hakuna mutu mbele yangu, sijue niseme namna gani. Nasema na nani?"

"Na mi," Ticha alisema. "Mutu yeyote akikuita, weye jua ni Mulenga. Chanda, Bakari, ule muzungu. Wote ni Mulenga, amekaa hapa, amevaa hii koti."

Walifanya hivyo mpaka jua likashuka nyuma ya vilima vya mabaki ya mgodi upande wa Kingamyambo. Ticha alijifanya dereva wa kila nchi, vibaya sana, kiasi kwamba hata sisi hatukutambua ni nchi ipi, na Faida alipaswa kumjibu kila mara kama Mulenga. Alipoteleza na kufuata lafudhi ya dereva, Ticha aligonga meza. Mwanzoni alipoteleza, tulicheka. Baadaye hatukucheka, maana ilianza kuonekana kama kumwangalia mtu anayejifunza kutosalimia. Mama Zaina aliinuka akaenda kuosha sufuria lililoungua, akalisugua kwa mchanga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Faida akapata kazi. Asubuhi ile alijibu watu wote kwa sauti moja, pamoja na Tata Yis, ambaye kwa mujibu wa Chanda alisema tu sawa na kuendesha gari lake hadi ofisini. Baba mkubwa alikuja na kilo mbili za nyama, akala, akamwita Faida mfanyakazi, na safari ya Kasongo haikutajwa tena; msichana mwingine wa ukoo alikwenda kwa bibi. Faida alikuwa hodari. Hakuna lori lililokwenda mahali pasipo pake kwa kosa lake. Madereva walimheshimu, ingawa Bakari aliwahi kuniambia kwamba siku hizi akiitwa redioni anakaa wima, na zamani, wakati wa ile asubuhi ya majaribio, alijisikia kama ameitwa na dada yake. Nikamuuliza lipi ni bora kwa mtu anayeendesha lori. "Kukaa wima," alisema. Sikuwa na hoja dhidi ya hilo, na sina hadi leo. Najua tu kwamba nilianza kusikia mambo kupitia ukuta. Mwanamke wa Kiluba aliyeuza nyanya alimsalimia moyo, na Faida akajibu kwa Kiswahili. Wageni wa Kivu walipoongea Kiswahili chao kirefu alijibu kifupi. Hakuwa na kiburi, alikuwa amechoka. Saa zote za kazi alimshikilia Mulenga mbele ya macho yake, aliniambia, na akimwachia kidogo tu anaogopa hatamrudisha kesho. Kwa hiyo alirudi naye nyumbani.

Mvua zilikuwa zimeshaanza jioni ile ninayoikumbuka, matone mazito juu ya bati, na sisi watatu, mimi, Ticha na Faida aliyetoka kazini na koti la kampuni, tulikuwa mezani tukingoja chakula. Mama Zaina alikuwa nje chini ya kibaraza akifunika mambabula. Faida, akiwa amelaza kichwa mkononi, akapaza sauti kuuliza chakula kiko wapi, kwamba amengoja sana. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya redioni, ikipanda mwishoni. Sidhani kwamba alijua.

Mama Zaina aliingia na sahani ya wali, maji ya mvua yakimtiririka mikononi. Akaiweka mbele ya bintiye kwa mikono miwili. "Ya, madamu," akasema. "Foodi is hia." Kiingereza cha Kitwe, safi, kiasi cha sahani moja.

Faida akainua kichwa. "Mama, unanicheka?"

"Hapana," Mama Zaina alisema. "Nakujibu."

Kisha akasimama kando ya meza, mikono nyuma, kama alivyosimama kwa wageni, akingoja kuambiwa kama chumvi inatosha.